Kamera ya mwanzo na kamera ya kitaalamu: dhana zinazowagharimu wapiga picha

"Mnatumia kamera gani?" Mpiga picha wa harusi Kisumu au Nakuru huulizwa hivyo mara nyingi hata kabla ya kutaja bei. Swali hilo limewasukuma vijana wengi kuuza kamera ndogo na kuingia kwenye deni la kamera kubwa, bila kujua hiyo kubwa itawafanyia kazi gani. Hapa tunalinganisha mbili zisizo na kioo cha ndani: Canon EOS R50 ya mwaka 2023 na EOS R6 Mark II ya mwaka 2022. Zilipoingia sokoni, ya kwanza ilikuwa takriban dola 680 na ya pili takriban dola 2,500, zote bila lenzi. Ukitumia Sony, Nikon au Fujifilm, majina ya vifungo yatabadilika, lakini mengi ya haya yanakuhusu.

Dhana: Kamera ya kitaalamu ina megapikseli nyingi, ndiyo maana picha zake ni safi

Ukweli: R50 ina megapikseli 24.2. R6 Mark II ina 24.2. Hata EOS R1 ya mwaka 2024, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika familia hiyo, ina 24.2. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi hujaza karatasi ya takriban sentimita 51 kwa 34, ambayo ni kubwa kuliko A3.

Tofauti iko kwenye ukubwa wa sensa, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya R6 Mark II ni milimita 36 kwa 24. Ya R50 ni 22.3 kwa 14.9. Eneo la kwanza ni mara 2.6 ya la pili, kwa hiyo mwanga unaokusanywa ni mwingi kwa kiasi hicho hicho. Chembechembe unazoziona kwenye R50 kwa ISO (kiwango cha wepesi wa kuhisi mwanga) 2500 zinakaribia zile za R6 Mark II kwa ISO 6400. Mchana, uwanjani, kwa ISO 100 hadi 400, ziweke picha hizo mbili bega kwa bega na utalazimika kukisia ipi ni ipi.

Dhana: Giza la kanisani limenishinda, kwa hiyo lazima ninunue kamera kubwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lenzi inayouzwa pamoja na R50 ni ya milimita 18 hadi 45, f/4.5 hadi f/6.3 (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ukiivuta hadi mwisho unabaki na tundu la f/6.3. Lenzi ya RF (aina inayoingia kwenye kamera hizi za Canon) ya milimita 50, f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, hupitisha mwanga mara 12 zaidi ya hapo. Sasa pima: kubadilisha kamera kunakupa mara 2.6, kubadilisha lenzi kunakupa mara 12. Mahali ambapo ungelazimika kupandisha ISO hadi 12800 kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/125, kwa f/1.8 unapiga kwa takriban ISO 1000.

Na kinyume chake ni kweli pia. Anayenunua R6 Mark II kisha akaifunga lenzi ya milimita 24 hadi 105 ya f/4 hadi f/7.1 kwa sababu pesa zimemwishia, akiivuta hadi mwisho atakuwa na mwanga mara 6 chini ya mwenye R50 na f/1.8, hata baada ya kuhesabu ukubwa wa sensa yake.

Lenzi hiyo ya 50 ina masharti yake. Juu ya R50, kwa kuwa sensa ni ndogo, huona kama lenzi ya milimita 80, kwa hiyo kwenye kanisa dogo utahitaji nafasi ya kurudi nyuma. Kwa picha pana zaidi chukua ya milimita 28 f/2.8. Tena, kwa f/1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa maharusi, sehemu inayotoka na makali ina kina cha takriban sentimita 11 tu. Bibi harusi akisimama nusu hatua mbele ya mumewe, mmoja wao atatoka na ukungu. Kwa watu wawili funga tundu hadi f/2.8 au f/4. Kwa jamaa waliopangwa safu mbili, f/5.6 na flashi.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi huliita la kamera. Gauni jeupe likijaza fremu, kipimo cha mwanga huipunguzia mwanga picha nzima, na nyuso nyeusi za maharusi huzama. Kamera ya dola 6,000 hufanya hivyo hivyo. Ongeza fidia ya mwanga kwa +2/3 hadi +1, tazama histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga), hakikisha gauni halijaungua upande wa kulia, na upige RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera).

Dhana: Flashi na triga yoyote itafanya kazi

Soma hili kabla hujalipa. Juu ya R50, pale flashi inapopachikwa, kuna viunganishi vya aina mpya pekee. Pini ya kati ambayo flashi za zamani na triga nyingi za studio (vifaa vya kuwasha taa kwa mbali) huitegemea haipo. Utapachika triga yako, taa haitawaka, na utadhani triga imekufa. Dawa ni adapta ya Canon iitwayo AD-E1, kwa hiyo ihesabu kwenye bajeti. R6 Mark II ina viunganishi vya aina zote mbili.

Dhana: Kamera ndogo haiwezi kulifuata jicho

Inaweza. R50 hutambua watu, wanyama na magari, na hulishika jicho vizuri sana. Wachezaji wa isukuti, ngoma ya Waluhya, wakitoka na ukungu, mara nyingi fokasi haina kosa: shata ilikuwa 1/60. Mabega ya isukuti yanataka 1/500 au zaidi. Kitulizaji cha ndani cha R6 Mark II, ambacho R50 haina, hutuliza mkono wako wewe mpiga picha. Mabega ya mchezaji hakiyagusi.

Dhana: Kwa ndege wa Ziwa Nakuru, sensa kubwa ndiyo bora

Kwa ndege aliye mbali, mara nyingi ni kinyume. Lenzi ya milimita 400 juu ya R50 huona kama ya 640, na pikseli zote milioni 24 zinabaki. Ukitaka R6 Mark II ikupe heroe wa ukubwa uleule kwa lenzi ileile, utaikata picha hadi ubaki na takriban megapikseli 9. R50 na lenzi ya RF ya milimita 100 hadi 400, yenye gramu 635, ni mzigo wa takriban kilo moja unaobebeka kutwa nzima.

Kamera kubwa hushinda pale ndege anaporuka. R50 ikipiga mfululizo kwa kasi yake ya juu, kumbukumbu yake ya ndani hujaa kabla ya picha 10 za RAW, yaani chini ya sekunde moja, kisha inasuasua. Kwa mdiria anayepiga mbizi kule Dunga, Kisumu, tumia JPEG na upige vipande vifupi. Saa sita mchana mvuke wa joto juu ya ufuo hulainisha kila kitu kilicho mbali, na hakuna kamera inayoushinda. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi.

Dhana: Shata ya kimya ni salama popote

Shata ya kimya, yaani ya kielektroniki, husoma sensa mstari kwa mstari. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 chini ya taa za LED za aina hiyo utapata mistari ya giza inayokata picha. Rudi kwenye shata ya pazia la kwanza la kielektroniki na uweke 1/100 au 1/50. Mpira wa raga unaopigwa kwa kasi nao huonekana umepinda, na R50 huathirika zaidi kwa sababu usomaji wake ni wa polepole. Kwa video tumia fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani huenda imewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi za hezi 60. Fungua menyu yenye alama ya spana na uibadilishe iwe PAL, mfumo wa hezi 50.

Dhana: Nafasi mbili za kadi ni mapambo

Kwetu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya mpiga harusi kutaka kamera kubwa. R6 Mark II inaweza kuandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. R50 ina nafasi moja, na kadi ikifa, kiapo cha ndoa hakirudiwi. Ukilazimika kutumia R50, badilisha kadi kila hatua: maandalizi, kanisani, bustanini, karamuni. Usifute picha ndani ya kamera, na usiifomati kadi kabla nakala mbili hazijahifadhiwa kwingine. Kadi mpya ijaribu kwa programu ya H2testw au F3, maana kadi bandia huandikwa GB 128 ilhali ndani ina sehemu ndogo tu ya hapo, na zinazozidi hupotea kimyakimya.

Video nayo ina mpaka: R50 hukata klipu ikifika urefu wa saa moja, R6 Mark II urefu wa saa sita. Kwenye mazishi ambapo hotuba hazina haraka, weka kengele ya dakika 50, usimamishe na kuanza upya wakati wa wimbo. Betri ya R50 ni ya mAh 1,040 dhidi ya 2,130 ya R6 Mark II, kwa hiyo beba nne.

Dhana: Kamera ya kitaalamu haiingii maji

R6 Mark II ina mihuri ya mpira, R50 haina. Lakini ukiifunga ile lenzi ya f/1.8 isiyo na muhuri pale inapoungana na kamera, maji yatapitia pale pale. Katika msitu wa Kakamega, ambako mvua ya alasiri haibishi hodi, funika zote mbili kwa mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi, na usibadilishe lenzi hadi ufike mahali pakavu.

Kwenye unyevu wa Kisumu adui wa polepole ni kuvu, na haichagui bei. Lenzi ikikaa wiki nyingi kwenye mkoba wa kitambaa, nyuzi nyeupe huota ndani ya vioo na kula tabaka la kinga. Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, pamoja na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na kipimo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50. Silika inayobadilika rangi ikigeuka, ikaushe kwa moto mdogo na uirudishe.