Si urefu wala zege
Wengi huamini kwamba maghorofa marefu yaliyojengwa na halmashauri za miji ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili yaliharibiwa na urefu na zege lake. Dhana hiyo haiwatendei haki wakazi wake. Sheria ya 1956 ilizipa halmashauri ruzuku kubwa zaidi kadiri jengo lilivyozidi kwenda juu, na ujenzi wa haraka ukazaa hatari: mwaka 1968 mlipuko wa gesi uliporomosha kona nzima ya ghorofa la Ronan Point, London, ambalo viungo vya kuta zake vilikuwa dhaifu, na watu 4 wakafariki. Lakini Trellick Tower, ghorofa jingine la London lililokamilika mwaka 1972 na kuogopwa kwa uhalifu, lilitengemaa wapangaji walipojipanga na kudai ulinzi mlangoni, zege likiwa lile lile.