Dhana potofu kuhusu mwamuzi wa besi

"Umesimama hapo hapo na bado huoni?" Ndiyo kelele anayopigiwa mwamuzi wa besiboli karibu kila mechi, na ndani yake mna dhana iliyozaa nyingine nyingi: kwamba aliye karibu ndiye anayeona vizuri.

Dhana: Mwamuzi mzuri huisogelea besi.

Chukua tukio la kawaida kabisa. Mpigaji ameuviringisha mpira chini, mlinzi ameudaka na kuurusha besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji ni lazima akikanyage, na mpigaji anatimua mbio zake za mita 27 na ushee. Mwamuzi akiwa mita mbili tu kutoka kwenye besi, mguu wa mkimbiaji uko chini kabisa na glavu ya mlinzi iko usawa wa kifua. Macho hayawezi kuwa kote kuwili. Kwa hiyo waamuzi hufundishwa kukaa mita tano hivi, ndani ya uwanja, mahali ambapo mtazamo wao unaukata mstari wa mpira kwa pembe mraba. Hapo besi, mguu wa mlinzi na mguu wa mkimbiaji vyote vinaenea katika jicho moja.

Na glavu je? Glavu anaisikiliza. Anaufuata mpira kwa macho mpaka ajiridhishe kwamba umerushwa sawasawa, kisha anayashusha kwenye besi na kungoja mlio wa mpira ukigonga ngozi. Mlio ukitangulia mguu, mkimbiaji ametoka, yaani ameondolewa mchezoni kwa zamu hiyo. Mguu ukitangulia, yuko salama.

Hapa ndipo shabiki wa jukwaani anapodanganywa na masikio yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwamuzi aliye mita tano anaupata mlio papo kwa papo; aliye mita 100 unamfikia karibu sekunde 0.3 baadaye, na kwa muda huo mkimbiaji mwenye kasi anakata mita mbili. Shabiki anauona mguu umekanyaga, ndipo anausikia mpira, na ataapa mbele ya wenzake kwamba jamaa aliwahi.

Mbinu hii ina udhaifu wake. Tarehe 26 Oktoba 1985, mchezo wa sita wa fainali za ligi kuu ya Marekani mjini Kansas City, mwamuzi Don Denkinger alimwita mkimbiaji Jorge Orta salama besi ya kwanza, na picha za marudio zikaonyesha mpira ulifika kwanza. Rusho lilikuwa la juu, uwanja unanguruma. Ukinyimwa sikio, macho yanapanda kwenye glavu, na besi inabaki bila mtu wa kuitazama.

Dhana: Mpira ukiwahi besi, mkimbiaji ametoka.

Ni kweli pale mkimbiaji anapolazimika kusonga mbele, kama mpigaji anayekwenda besi ya kwanza. Anayeiba besi ya pili, yaani anayeikimbilia bila mpira kupigwa, halazimiki, kwa hiyo ni lazima aguswe kwa mpira, na mwamuzi naye hubadili kila kitu: anasogea, pengine hatua tatu au nne tu kutoka kwenye besi, na anautafuta mwanya kati ya glavu na mwili. Mlinzi anadaka juu, anaishusha glavu kama anayefagia, mkimbiaji anateleza na ncha ya kiatu inapita chini yake. Glavu ilitangulia, ndiyo, lakini haikugusa kitu. Kwa aliye nyuma ya mgongo wa mlinzi hilo halionekani hata akiwa na macho ya tai, ilhali hatua moja pembeni inamfungulia kila kitu. Na hata akishagusa, mwamuzi bado anaangalia kama mpira umebaki kwenye glavu.

Kuhusu mwamuzi kukimbia, neno moja tu: afadhali kusimama tuli mahali pasipo bora kuliko kuwa mahali bora huku kichwa kinadunda.

Dhana: Wakifika sawa, mkimbiaji ndiye anayepewa.

Hii ndiyo pendwa kuliko zote, na sheria haina kifungu cha sare. Sehemu moja inasema mpigaji ametoka iwapo yeye au besi ya kwanza imeguswa kwa mpira *kabla* hajaifikia. Nyingine inampa mkimbiaji haki ya besi akiigusa *kabla* hajatolewa. Zisome pamoja na utaona kwa nini ubishi hauishi. Uwanjani mwamuzi anajiuliza swali moja: kipi kimetangulia? Lazima achague.

Ya "kutoka nje ya njia" nayo imekaa vibaya vichwani. Mkimbiaji anaweza kuzunguka atakavyo mradi hakuna anayejaribu kumgusa. Jaribio hilo likianza, ndipo unapochorwa mstari mnyoofu kutoka alipo hadi kwenye besi, na kukwepa zaidi ya futi tatu, yaani sentimita 91 hivi, kunamtoa.

Dhana: Akichelewa kuamua, ana shaka.

Anafanya alivyofundishwa: tulia, soma, ndipo uamue. Mkono unaonyanyuka kabla akili haijamaliza ndio unaoleta aibu. Hata hivyo, nisidanganye kwamba utulivu na pembe nzuri ni kinga. Mnamo 2 Juni 2010 mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alibakiza mtu mmoja tu wa kumtoa akamilishe mchezo usio na dosari, yaani ule ambao hakuna mpinzani hata mmoja anayefika besi. Jim Joyce, mwamuzi mzoefu, akasema mpigaji Jason Donald yuko salama besi ya kwanza. Alipotazama video alikiri hadharani kwamba alikosea. Uamuzi wa namna hiyo ulianza kupitiwa kwa video katika ligi hiyo mwaka 2014.

Dhana: Mwamuzi wa nyumbani kazi yake ni nyumbani.

Huyu ndiye anayesimama nyuma ya besi ya nyumbani, pale mpigaji anapopigia. Ligi kuu huwa na waamuzi wanne, na sita kwenye mechi za mchujo. Mechi nyingi za ngazi za chini zina wawili. Hapo, kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza na mpira ukapigwa mbali hadi sehemu ya nyuma ya uwanja, yule wa uwanjani anabaki na mpigaji na besi ya pili, na anayemfuata mkimbiaji kwenda ya tatu ni mwamuzi wa nyumbani. Rusho likipotea, anageuka mbio kurudi alikotoka. Kwa hiyo ukimwona anakatiza nyasi, kinyago mkononi, jasho linamtiririka, hajapotea njia.