Wazoa Taka wa Memphis: Pale Haki za Raia Zilipokutana na Chama cha Wafanyakazi

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilikuwa ikinyesha Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Echol Cole na Robert Walker, wazoa taka wa jiji, walijibanza ndani ya sehemu ya nyuma ya gari lao la taka wasilowe. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawaua wote wawili. Wenzao walikuwa wameshalalamikia magari hayo mabovu. Baada ya siku 11, wafanyakazi wapatao 1,300, karibu wote weusi, waligoma. Mabango yao yalisema: "Mimi ni mwanamume." Hilo lilikuwa jibu kwa wazungu waliozoea kumwita mtu mweusi mwenye wajukuu "boi", yaani mvulana.

Je, huo ulikuwa mgomo wa mshahara au wa haki za raia? Wenyewe hawakuvitenganisha, na nadhani tunakosea tunaposimulia harakati za haki za weusi kwa habari za mabasi na kura tu. Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, alipokamatwa Montgomery, jimbo la Alabama, mwaka 1955, miongoni mwa waliokwenda kumwekea dhamana alikuwa E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala na kiongozi wa chama cha wahudumu hao mjini humo. Chama chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, kilihangaika miaka 12 kabla ya mwajiri wao, kampuni ya Pullman, kukubali mkataba. Mtu aliyepitia shule hiyo hakuhitaji kufundishwa kuitisha mkutano wala kuchangisha fedha. Randolph huyohuyo ndiye aliyeongoza maandamano ya Washington ya 1963, yaliyoitwa ya Ajira na Uhuru. Kima cha chini cha dola 2 kwa saa kilikuwa miongoni mwa madai yao.

Lakini vyama vingi vya mafundi viliwafungia weusi mlango, na vingine viliwatengea matawi yao. Shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, lilikataa kuyaunga mkono maandamano hayo, ingawa chama cha wafanyakazi wa magari kilishiriki. Ndiyo maana Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilivikataza vyama kubagua, sawa na waajiri.

Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za raia, alikwenda Memphis kuwaunga mkono wagomaji, akauawa hukohuko tarehe 4 Aprili. Siku 12 baadaye jiji lilikubali kukitambua chama chao na kuwaongezea mshahara.