Jina la Washington lilianzia shambani

Mtu akiniletea jina la ukoo la Kiingereza akitaka kujua maana yake, huwa siligusi mpaka niione tahajia yake ya zamani, kwa sababu ile ya leo hudanganya. Wapo wanaolikatakata jina la Washington na kudhani linahusu kufua nguo, kwa Kiingereza «wash». Halihusu kabisa.

Washington palikuwa mahali kabla ya kuwa jina la watu. Pako kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika eneo la zamani la Durham. Mwaka 1183 Askofu wa Durham, Hugh du Puiset, aliorodhesha ardhi zake na malipo yaliyodaiwa kwa kila moja, na humo tunamkuta William wa Hertburn, aliyebadilishana ardhi ya Hertburn na ya Wessyngton (ndiyo Washington kwa tahajia ya zamani), akawajibika kulipa kodi na kuhudhuria mawindo ya askofu pamoja na mbwa wake. Alipohamia huko aliliacha jina la Hertburn akaitwa wa Wessyngton. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea: mara nyingi mtu aliitwa kwa jina la kijiji alichokihama, kwa kuwa kijijini kwenyewe jina hilo lisingemtofautisha na yeyote; bwana mwenye ardhi, kinyume chake, aliitwa kwa jina la ardhi aliyoimiliki.

Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale. Mwishoni kuna «tun», yaani shamba lililozungushiwa ua, ambalo baadaye lilimaanisha kijiji na hatimaye mji. Katikati kuna «ing», ambayo kazi yake haiko mbali na ile ya «-a» yetu katika «shamba la fulani». Mwanzoni kuna jina la mtu, Hwaessa. Basi ni shamba la Hwaessa. Tahadhari moja tu: kuna Washington nyingine kusini, Sussex, ambayo chimbuko lake ni watu wa Wassa, na kufanana kwa majina hayo mawili ni kwa bahati.

Uzao wa William ulisambaa, na katika miaka ya 1650 John Washington akavuka bahari hadi Virginia. Kitukuu wake, George, rais wa kwanza wa Marekani, alizaliwa mwaka 1732. Nyota tatu na mistari miwili myekundu ya bendera ya jiji la Washington, mji mkuu wa Marekani, zimetoka kwenye ngao ya ukoo huo wa Uingereza.

Hata hivyo, jina si damu. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya wenye jina hili la ukoo walikuwa Wamarekani weusi. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi aliyezaliwa utumwani, alipofika shuleni aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili, ilhali yeye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika alijibu bila kusita kwamba anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo.