Kabla hujasema “ni kweli” kizimbani

Kijana mmoja aliingia ofisini kwangu Mombasa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha maadili mema alichokiomba ili apate kazi ya ulinzi Qatar. Alilipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akachapisha fomu za alama za vidole ziitwazo C24, akapigwa alama za vidole vyote kumi, kisha akangoja. Cheti kilipotoka kilionyesha hukumu ya wizi.

“Lakini wakili, ile kesi iliisha,” akaniambia. “Nililipa faini.”

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara roho huniuma. Kulipa faini kunamaliza adhabu tu, hukumu inabaki. Kenya hatuna sheria ya jumla inayomruhusu mtu mzima aliyehukumiwa aombe rekodi yake ifutwe baada ya miaka kadhaa ya kuishi vyema. Njia kuu ni mbili, nazo ni nyembamba: rufaa ifaulu, au upate msamaha wa Rais kupitia Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha, chini ya kifungu cha 133 cha Katiba. Ndiyo maana kazi kubwa ya kulinda jina lako hufanyika siku ya kwanza, pale unapoulizwa: ni kweli au si kweli?

Siku hiyo wengi hufika wamechoka. Wamelala selo, hawajaoga, na kwenye korido mtu amewanong’oneza: kubali yaishe, faini ni kidogo, saa sita uko nyumbani. Ninawaelewa. Ila kabla ya kukubali, jua una haki gani. Katiba, kifungu cha 49, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata kama muda huo umeishia wikendi au usiku. Una haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kukunyima. Na kama adhabu ya kosa ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, hupaswi kuwekwa rumande kwa kosa hilo. Kwa hiyo mara nyingi ukikana, utarudi nyumbani ungoje kesi. Hofu ya kwamba kukana ni kuozea rumande ndiyo inayowafanya watu wakubali makosa wasiyoyafanya.

Sasa kuhusu kukubali kwenyewe. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo. Hakimu asome shtaka na kulieleza kwa lugha unayoifahamu, na mkalimani hulipii hata senti. Ukisema ni kweli, maneno yako yaandikwe, ikiwezekana vile vile ulivyoyatamka. Kisha kiongozi wa mashtaka asimulie jinsi mambo yalivyotokea, nawe uulizwe kama unakubaliana naye. Ukiongeza jambo linaloonyesha una utetezi, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana, na kesi isikilizwe. Hata baada ya kukubali unaweza kuomba kubadilisha jibu, mradi adhabu haijatolewa.

Nikamwuliza yule kijana alijibu nini siku ile. Akafikiri kidogo. “Nilisema ni kweli simu niliichukua, lakini bosi aliniambia nikae nayo hadi anilipe mshahara.”

Hiyo “lakini” ndiyo niliyoitafuta. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hana hatia ya kosa linalohusu mali ikiwa alitenda akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Tuliomba faili kutoka masijala, ofisi ya mahakama inayotunza mafaili. Kurasa zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, na katikati ya mstari nikaliona jibu lake, pamoja na ile “lakini”. Chini yake: amekiri, faini.

Kwa kawaida aliyekiri haruhusiwi kukata rufaa ila kuhusu adhabu. Kukiri kwenye utata, kama huku kwenye “lakini”, ni jambo jingine, na Mahakama Kuu inaweza kufuta hukumu iliyotokana nako. Shida yetu ilikuwa muda. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, naye alikuja baada ya miaka mitatu. Tulilazimika kwanza kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda na kueleza kwa nini alichelewa. Hukumu ilifutwa, lakini nafasi ya Qatar ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu: “kesi imeondolewa.” Soma amri yenyewe. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Kanuni ya Utaratibu wa Jinai kabla hujaitwa kujitetea, unaachiliwa, ila unaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Ikiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, hapo umeachiliwa huru kabisa. Ukionekana huna kesi ya kujibu, kifungu cha 210, vilevile uko huru.

Na ukishaachiliwa huru, usidhani polisi watapata habari wenyewe. Alama zako za vidole zilichukuliwa ulipokamatwa, na huenda kesi ikabaki kwenye kumbukumbu zao kana kwamba haijaisha. Wiki hiyo hiyo nenda masijala, omba nakala ya uamuzi iliyoidhinishwa kwa muhuri, lipia, dai risiti. Peleka nakala moja kwa DCI, yaani Idara ya Upelelezi wa Jinai, kitengo cha kumbukumbu za jinai, uombe waingize matokeo ya kesi. Waambie wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na hiyo uihifadhi pamoja na kitambulisho na vyeti vya shule.