Je, wajua kwa nini papa ananuka mkojo na changu hanuki?

Mara ya kwanza kutoka na mashua kuvua papa wadogo ilikuwa Kipumbwi, kule Pangani, nilikuwa na ami yangu. Alivuta mshipi akapandisha papa wa urefu wa mkono wa mtu mzima, akambana nyuma ya kichwa, mkono mwingine mkiani maana akijipinda anakuuma, akamkata koo palepale, akamuacha damu imwagike, akampasua akatoa matumbo, akamsuuza kwa maji ya bahari ndo akamtia kwenye barafu. Changu tuliowavua mwanzo walikuwa wamejilalia tu kwenye ndoo, hakuna aliyewagusa kwa kisu. Nikamuuliza, ami, samaki si hachinjwi, mbona huyu? Akanijibu, mwanangu, papa ukimchelewesha anajikojolea.

Kwa kisu ami alikuwa sahihi kabisa. Kwa mkojo alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Iko hivi. Ukitaka kukata kachumbari unavitia vitunguu chumvi, baada ya muda vinalegea na bakuli linajaa maji, sababu chumvi inavuta maji kutoka ndani ya kitunguu. Bahari inamfanyia samaki hivyohivyo kutwa kucha. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, damu ya changu ina kama theluthi tu ya hiyo, kwa hiyo maji yanamtoka muda wote na ye inabidi anywe maji ya bahari halafu chumvi ya ziada aitoe kupitia mashavu, kazi isiyoisha mpaka afe.

Papa ana njia nyingine kabisa, na kwangu mimi ni moja ya vitu vizuri sana kuvijua kuhusu bahari yetu. Mwili ukitumia protini unabaki na taka inaitwa urea, sisi tunaitoa kwa mkojo (ndo urea ileile ya kwenye mfuko wa mbolea ya mahindi, ila hiyo inatengenezwa kiwandani), sasa papa badala ya kuitupa yote anaibakiza kwenye damu na nyama, inaweza kufika gramu 20 hivi kwa kila kilo. Ukijumlisha chumvi yake na hiyo urea, ndani ya papa panalingana na bahari, hata panazidi kidogo, basi bahari haimnyonyi tena, maji yanaingia yenyewe taratibu kupitia mashavuni na hana haja ya kunywa. Urea nyingi hivyo ingeharibu protini za mwili wake, lakini ana kemikali nyingine inayozilinda, nayo ikija kuoza ndo inaleta ile shombo ya samaki wa jana.

Na urea yenyewe haina harufu! Papa aliyetoka majini sasa hivi hanuki mkojo hata kidogo, mnuse utaona. Harufu inaanza akishakufa, bakteria wanaipata ile urea wanaigeuza amonia, na kwa jua letu la saa sita ndani ya mashua wanafanya kazi haraka mno. Ndo maana kisu hakisubiri nchi kavu, damu ikitoka inatoka na sehemu ya urea, matumbo yakitoka bakteria wengi wanatoka nayo, barafu inawachelewesha waliobaki. Papa mdogo hapo ana nafuu, damu inaisha haraka na baridi inafika mpaka ndani, yule mkubwa wa kubebwa na watu wanne, katikati ya mwili anakuwa bado na joto lake.

Jikoni nako mama zetu walishaijua hii kemia bila darasa. Kumloweka papa kwenye maji na kuyamwaga ni kwa sababu urea inayeyuka majini, na ukwaju au ndimu kabla ya tui ni kwa sababu amonia ikikutana na ukali inafungwa, hairuki tena hewani. Chumvi na jua vinawanyima bakteria maji, ndo papa mkavu akaweza kusafiri wiki kadhaa, majahazi ya Hadhramaut na Oman yalikuwa yakishuka na kaskazi yamembeba mpaka Mombasa na Unguja. Ila papa aliyeshaanza kukuchoma pua usimpeleke kwenye ndimu, mrudishie muuzaji.

Kitu kimoja zaidi, maana hili linaniuma. Papa mdogo siyo lazima awe mtoto. Kuna wale wembamba wa kijivu, pua imechongoka, wanakuwa watu wazima wakiwa na sentimita 70 au 80 tu. Halafu kuna papa nyundo wa nusu mita, huyo ni mtoto wa kweli, kazaliwa juzi kwenye maji mafupi, na baadhi ya aina zao tangu 2019 zimewekwa kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Kichwa cha nyundo hakijifichi, lakini kwa wengine wengi mgeuze uangalie kifuani, katikati ya mapezi mawili ya pembeni, kichanga ana kovu la kitovu kama la mtoto wa binadamu, likiwa bado wazi ujue hana hata wiki kadhaa.

Yule wetu wa Kipumbwi hakuwa na kovu lolote. Ami alipompasua tukakuta watoto watatu ndani, kila mmoja wa urefu wa kiganja, na kitovu chake bado kimeshika kwa mama.