Sevu iliyoharibika: maana yake, na kwa nini mashabiki wa Yankees na Red Sox hawaisahau

Katika besiboli, sevu, yaani sifa ya mrushaji anayelinda uongozi hadi mwisho, huharibika pale mrushaji wa akiba anapoingia timu yake ikiwa mbele kwa tofauti ndogo, kisha wapinzani wakasawazisha yeye akiwa kwenye kilima cha kurushia. Basi. Haijalishi kama timu yake ilishinda baadaye, wala ni nani aliyewaweka wakimbiaji kwenye beizi kabla yeye hajaingia. Matokeo yakishakuwa sare, jedwali la mechi linamwandikia herufi BS ("blown save", sevu iliyoharibika) kando ya jina lake, na hazifutiki.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mechi ina awamu 9, kila awamu ina nusu mbili, na kila nusu huisha baada ya auti 3, yaani wachezaji 3 wa upande unaopiga wakitolewa. Anayefanikiwa kupiga huwa mkimbiaji: huzunguka beizi tatu, na akirudi nyumbani, pale alipopigia, timu yake hupata mkimbio mmoja, yaani pointi moja. Wageni hupiga nusu ya kwanza, wenyeji hupiga ya pili. Saa haipo. Timu inayoongoza haiwezi kujiangusha uwanjani ili dakika ziende, wala kukaa na mpira kwenye kibendera cha kona. Ni lazima iendelee kumrushia mpinzani mpaka auti ya 27 ipatikane, na mpinzani anaweza kupiga hadi mpira wa mwisho. Kwa sababu hiyo kila timu ina mtu wake wa kazi hii ya mwisho, mmalizaji, ambaye kwa kawaida huitwa awamu ya 9 tu.

Sevu yenyewe ni sifa anayopewa mmalizaji akilinda uongozi. Aliyeianzisha ni Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, na ligi kuu ya Marekani iliifanya takwimu rasmi mwaka 1969. Ili kuipata, mrushaji lazima awe ndiye aliyemaliza mechi, timu yake iwe imeshinda, na ushindi wenyewe uwe umeandikwa kwa mrushaji mwingine. Juu ya hayo atimize sharti moja kati ya matatu. La kwanza: aingie timu ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi 3, naye arushe angalau awamu moja nzima. La pili: aingie wakati mkimbio wa kusawazisha uko kwenye beizi, au kwa mpigaji aliyesimama, au kwa yule anayesubiri zamu. La tatu: arushe awamu 3 au zaidi kwa ufanisi, hata kama tofauti ni kubwa.

Sharti la pili ndilo linalowachanganya wengi, na dawa yake ni kuhesabu kwa vidole. Hesabu wakimbiaji walio kwenye beizi, ongeza mpigaji, ongeza anayemfuata. Jumla ikifikia tofauti ya mikimbio au kuizidi, sevu ipo. Timu inaongoza kwa 4 na beizi ni tupu: 0 na 1 na 1 ni 2, hakuna sevu. Inaongoza kwa 4 na wakimbiaji wawili wako beizini: 2 na 1 na 1 ni 4, sevu ipo. Inaongoza kwa 5 na beizi zote tatu zimejaa: bado ipo.

Sharti la tatu limezaa vituko. Tarehe 22 Agosti 2007 Texas Rangers waliifunga Baltimore 30 kwa 3, na Wes Littleton akaandikiwa sevu kwa sababu alirusha awamu 3 za mwisho. Aliokoa nini, hakuna anayejua. Tangu hapo mashabiki wengi hawaitazami namba ya sevu pekee yake bila kuuliza zilipatikana katika hali gani.

Sevu iliyoharibika ina hadhi ndogo zaidi kikanuni. Haimo katika takwimu rasmi za kitabu cha kanuni. Ilianza kuhesabiwa mwaka 1988 kwa ajili ya tuzo ya warushaji wa akiba, ikazoeleka. Lakini jukwaani ndiyo inayouma kuliko takwimu zote, na hakuna mahali inapoeleweka vizuri kama kwenye mfululizo wa Oktoba 2004 kati ya New York Yankees na Boston Red Sox.

Hawa ni watani wa jadi hasa. Kabla ya 2004 Boston ilikuwa bingwa mara ya mwisho mwaka 1918, na mwishoni mwa 1919 ikakubali kumuuza Babe Ruth kwa Yankees. Miongo iliyofuata New York ilirundika mataji huku Boston ikiangalia, na mashabiki wa Yankees walikuwa na wimbo mmoja mfupi wa kuwakaribisha wageni: "Kumi na tisa kumi na nane!" Hawakuhitaji tusi lingine. Mwaka 2003 timu hizi zilifika mechi ya 7 ya fainali ya Ligi ya Marekani (American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), Boston wakiongoza 5 kwa 2 kuingia nusu ya pili ya awamu ya 8, na meneja Grady Little akamwacha mrushaji wake mwanzilishi, Pedro Martínez, aliyekuwa amechoka, hadi akafikisha mipira 123 na matokeo yakawa sare. Aaron Boone akaimaliza awamu ya 11 kwa kuupiga nje ya uzio, pigo linalompa mpigaji mkimbio moja kwa moja, mpira wa kwanza aliorushiwa na Tim Wakefield. Angalia hapo: Martínez hakuandikiwa BS, ingawa uongozi uliopotea ulikuwa wa mikimbio 3. Mrushaji anayeanza mechi hawezi kuharibu sevu, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuipata. Hasira ya Boston iliangukia kwa meneja, na mkataba wake haukuongezwa.

Mwaka mmoja baadaye wakakutana tena hatua ileile. Mfululizo ni wa mechi 7, anayefikisha ushindi 4 ndiye anayesonga, na Yankees walishinda 3 za mwanzo, ya tatu kwa 19 kwa 8. Katika historia ya besiboli ya ligi kuu hakukuwa na timu iliyowahi kufufuka kutoka 0 kwa 3. Mechi ya 4, Oktoba 17 uwanjani Fenway Park, nyumbani kwa Boston, Yankees walikuwa mbele 4 kwa 3 kuingia nusu ya mwisho ya awamu ya 9, na kwenye kilima alikuwapo Mariano Rivera, raia wa Panama, mmalizaji bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huu. Alikuwa ameitwa tangu awamu ya 8, yaani kazi ya auti 6 badala ya 3.

Rivera alianza kwa kosa ambalo mmalizaji anayelinda mkimbio mmoja hulikwepa kuliko yote: alimpa Kevin Millar beizi ya kwanza bure kwa mipira 4 mibaya. Boston wakamtoa Millar, ambaye si mkimbiaji, wakamwingiza Dave Roberts kwa kazi moja tu. Uwanja mzima ulijua ataiba beizi, yaani atakimbilia ya pili bila kusubiri mpigaji apige. Rivera alijua, na alirusha beizi ya kwanza mara 3 mfululizo kumrudisha. Mpira wa kwanza alioelekeza kwa mpigaji, Roberts akaondoka. Mdakaji Jorge Posada alirusha vizuri, Derek Jeter akashusha glovu, na mkono wa Roberts ulikuwa umeshagusa beizi kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde.

Kuiba kule ndiko kulikobadilisha hesabu. Akiwa beizi ya kwanza, Roberts angehitaji pigo refu au mapigo mawili ili afike nyumbani. Akiwa ya pili, pigo moja la kawaida linatosha. Bill Mueller akalipiga, likapita katikati kando ya Rivera, 4 kwa 4. Sevu imeharibika hapohapo, mechi ikiwa bado haijaisha. David Ortiz aliimaliza awamu ya 12, baada ya saa saba usiku, kwa pigo la nje ya uzio dhidi ya Paul Quantrill. Hasara ya mechi ikaandikwa kwa Quantrill. Rivera alibaki na BS peke yake.

Mtu wa nje husikia kelele za Fenway usiku ule akadhani ni furaha ya kusawazisha. Ni zaidi ya hapo, na sababu yake ni ratiba ya nusu za awamu. Mmalizaji akiharibu sevu nyumbani kwake, katika nusu ya kwanza ya awamu ya 9, timu yake bado ina zamu ya kupiga. Mashabiki wake huguna, kisha hukaa kusubiri. Akiharibu ugenini, katika nusu ya pili, kila mkimbiaji aliyeko beizini anaweza kuimaliza mechi papo hapo, na wenyeji wakifunga hapo hawahitaji tena kujilinda. Shinikizo lote liko upande mmoja. Ndiyo maana mashabiki wa wenyeji husimama mmalizaji wa wageni anapompa mtu beizi bure, wakati anayeangalia ubao wa matokeo tu haoni kilichobadilika.

Mechi ya 5, jioni iliyofuata, ndiyo inayoonyesha ubaya wa takwimu hii. Yankees walikuwa mbele 4 kwa 2 awamu ya 8. Tom Gordon akampa Ortiz pigo la nje ya uzio, akampa Millar beizi bure, Roberts akaingia tena kukimbia, Trot Nixon akapiga na Roberts akafika beizi ya tatu. Hakuna auti hata moja. Hapo ndipo Rivera alipoitwa. Jason Varitek akapiga mpira wa juu kuelekea uwanja wa nje; ukadakwa, ni auti, lakini mkimbiaji wa beizi ya tatu anaruhusiwa kukimbia mara mpira ukishadakwa, na Roberts akafunga. Mkimbio ule uliandikwa kwa Gordon kwa sababu ndiye aliyemwacha beizini. Sevu iliyoharibika ikaandikwa kwa Rivera, ambaye hakupigwa hata mara moja katika tukio hilo na alipata auti aliyotumwa kuipata. Mechi ilikwenda awamu 14, saa 5 na dakika 49, Ortiz akaimaliza tena. Ushindi ukaandikwa kwa Wakefield, yuleyule wa 2003.

Kwa hiyo ukisoma jedwali usiishie kwenye BS. Tazama aliingia na wakimbiaji wangapi, wakiwa beizi zipi, na auti ngapi zilikuwa zimepatikana. Mmalizaji anayeingia beizi tupu mwanzoni mwa awamu ya 9 na anayeingia mkimbiaji akiwa wa tatu bila auti wanaandikiwa herufi zilezile kwa kazi mbili tofauti kabisa.

Kasoro nyingine huwaumiza warushaji wa awamu ya 7 na 8. Hawa wakilinda uongozi hawapati sevu, kwa kuwa hawamalizi mechi, hupewa holdi. Wakiupoteza, wanaandikiwa sevu iliyoharibika. Ukichukua sevu zao ukagawa kwa nafasi walizopata, watu wazuri huonekana hovyo. Asilimia ya sevu ina maana kwa wamalizaji tu. Ya Rivera ni karibu 89: sevu 652 za msimu wa kawaida, katika nafasi 732. Maana yake hata huyo bora alishindwa karibu mara moja katika kila 9.

Boston walikuwa na sababu ya kuamini kwamba hiyo mara moja itawafikia. Mwaka 2003 na 2004 timu hizi zilikutana mara 26 kila mwaka, 19 za msimu na 7 za mfululizo, na mpigaji anayeuona mpira uleule mara nyingi huanza kuusoma. Silaha ya Rivera ilikuwa moja, mpira wa kasi unaokata pembeni dakika ya mwisho, na kila mtu alijua unakuja. Mueller, aliyesawazisha Oktoba, alikuwa ameshampiga nje ya uzio Julai 24 mwaka huohuo na kuimaliza mechi.

Red Sox walishinda pia mechi ya 6 na ya 7 mjini New York, 4 kwa 2 na 10 kwa 3, kisha wakatwaa ubingwa. Yankees walirudi Fenway Aprili 11, 2005, siku wenyeji walipokuwa wakigawiwa pete. Katika utambulisho wa wageni, jina la Rivera lilipotajwa, uwanja uliinuka ukamshangilia kuliko mgeni mwingine yeyote. Ulikuwa utani wa jadi: wanamshukuru kwa sevu mbili zilizoharibika, na kwa nyingine alizoharibu dhidi yao wiki iliyotangulia. Rivera alicheka, akavua kofia na kuwainamia kidogo.